Saketi Isiyochemka

Leticia Komba alikuwa mgusaji. Mpe redio iliyokufa, hataitazama kwanza. Ataweka mgongo wa kidole juu ya kila kipande kilichomo ndani, kimoja baada ya kingine, kama mama anayepima homa ya mtoto. Ndivyo alivyofundishwa na fundi Remmy, mwenye kibanda cha kutengeneza redio na chaja pale Msamala, Songea. Kwa Remmy, mita ya kupimia umeme ni ya kuthibitishia tu. Mkono ndio unaojua. Kipande kinachochemka kinaiba umeme, na fundi anayemrudishia mteja kifaa kinachochemka amempa mwizi wa kukaa naye nyumbani. Neno hilo Leticia alilishika kuliko alivyoshika Katekisimu, na ndilo lililokuja kumponza. Ngoja nikueleze.

Mama yake, Benigna, aliishi peke yake Mshangano, kule mji unakoishia na mashamba ya mahindi yanakoanzia. Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika kwake. Mwaka uliopita aliteleza kwenye tope akiwa na ndoo kichwani, akaumia nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa fimbo, jembe akaliaga. Ndipo mwanawe mkubwa, Otto, mfanyabiashara wa mahindi mwenye nyumba nzuri kule Mjimwema, alipoanza wimbo wake: mama ahame, chumba kipo, umeme upo, choo kimo ndani, sasa mama anang'ang'ania nini huko? Otto hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupanga mambo, na watu wa namna hiyo wakishapanga mambo yao huanza kuwapanga na wenzao.

Mama Benigna hakubishana naye. Alichofanya ni kununua vifaranga wa siku moja, kuku chotara, boksi zima likipiga kelele, akamwita mwanawe na kumwambia, "Hawa nikiwafikisha wakaota manyoya ya kweli, uniache kwangu nifuge. Wakinifia, nitakuja kwako na sitanung'unika."

Otto akakubali, Leticia akiwa shahidi. Na ujue kwamba kwa Mama Benigna neno likishatoka mdomoni limetoka. Paroko mwenyewe alilijua hilo.

Sasa ilikuwa mwezi wa saba, na wewe kama hujalala Songea mwezi wa saba, usiniambie habari za baridi. Kila mtu Mshangano atakwambia kwamba vifaranga wasio na mama huwekewa taa. Basi Leticia akawawekea taa. Alichukua betri ya pikipiki, akaifunga na paneli ndogo ya sola iliyokuwa juu ya paa la jiko, akatafuta taa tatu za LED, zile ambazo kila moja ni ndogo kama punje ya mahindi. Betri inatoa volti kumi na mbili; taa moja inataka tatu. Ukiziunganisha hivihivi, taa inakufa palepale. Kwa hiyo kila taa aliiwekea rezista, kipande kidogo cha kauri ambacho kazi yake ni kuzuia: kinameza umeme uliozidi na kuacha upite unaotosha. Rezista hizo zilichemka mpaka zikatishia kuunguza mbao za boksi, akazifunga kwa skrubu kwenye kipande cha bati, chini kabisa kwenye kona, ili bati lizipoze. Ilikuwa taa ya dharura, na ilimkera tangu alipoiwasha.

Tatizo ni kwamba haikufika asubuhi. Jogoo wa jirani akianza kuwika, betri ilikuwa imekwisha, na Mama Benigna aliinuka na fimbo yake, akavuka ua wenye umande hadi bandani, akawapelekea vifaranga chemli yake ya mafuta. Kuiacha chemli iwake usiku kucha ndani ya boksi la mbao lenye maranda ni kuita moto, kwa hiyo alikaa nayo hapo, amejifunga blanketi, mpaka kunapambazuka. Leticia aliposikia hivyo hakungoja kesho. Mama aanguke tena, safari hii gizani, kwa ajili ya taa iliyotengenezwa na binti yake ambaye watu wanamwita fundi? Hapana.

Akaenda akaigusa. Taa zenyewe, vuguvugu. Betri, baridi. Rezista zikamuunguza kidole, akakitia mdomoni huku akipiga hesabu. Betri inatoa kumi na mbili, taa inakula tatu, tisa zinakwenda wapi? Zinakwenda hapo kwenye bati. Robo tatu ya jua lote linalokusanywa mchana kutwa lilikuwa likipashia bati moto. Kwa mwanafunzi wa Remmy hiyo ilikuwa aibu ya kumnyima mtu chakula.

Kesho yake alimweleza Remmy kibandani. Remmy hakuinua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichomea.

"Zifunge mkufu," alisema. "Moja nyuma ya nyingine. Tatu mara tatu ni tisa. Kitakachobaki kwa rezista ni kidogo."

"Nimeshajaribu, mzee. Jioni betri ikiwa imeshiba, zinawaka kupita kiasi. Ikianza kuchoka zinafifia kama macho ya mlevi."

"Basi unataka nini?"

"Nataka saketi inayojipimia yenyewe. Betri ishibe, betri ichoke, taa zipate kilekile."

"Hizo zipo madukani."

"Najua zipo. Mimi nataka kujua zinafanyaje."

Sasa Remmy aliinua kichwa. Alimtazama juu ya miwani, akaona kwamba msichana huyu hasikii tena la mtu. "Mtu akifika hapo hana dawa," alisema, akamsukumia kwa mguu boksi la takataka.

Boksi lile lilijaa mizoga: balbu za enaji seva zilizoungua, chaja za simu zilizopigwa na radi, feni isiyo na mapanga. Leticia alivunja na kunyofoa. Ndani ya enaji seva alipata kiduara cheusi, kizito, kinachofanana na pete ya mtu mwenye vidole vinene. Kwenye chaja akang'oa transista. Feni ikamtolea waya mwembamba wa shaba, akaukaza kuzunguka kile kiduara, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka akapata koili.

Na koili ndiyo iliyomteka akili. Ina tabia ya ajabu. Ukiipitishia umeme ghafla, inagoma kidogo kisha inaukubali. Ukiukata ghafla, inagoma tena: inaendelea kusukuma ule iliokwisha kuumeza, kama msimuliaji aliyekatizwa ambaye lazima amalizie sentensi yake. Rezista ikizuia umeme inauunguza, basi umekwenda. Koili ikizuia inauweka, halafu inaurudisha. Kwa hiyo ukipata mlinzi wa mlango, afungue na kufunga maelfu ya mara kabla hujapepesa jicho, taa zitapata kiasi chake tu na karibu hakuna kitakachopotea. Mlinzi mwenyewe ndiye transista. Leticia alipolielewa hilo alikaa mkono shavuni, na mteja aliyekuja kuchukua simu yake alisalimia mara mbili bila kuitikiwa.

Kwenye karatasi lilikuwa jambo jepesi. Mezani likawa balaa. Saketi ya kwanza ilipasua transista, pa, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, na Remmy akauliza kama hiyo ndiyo taa au ni ubani. Ya pili ilinyamaza. Leticia aliigeuzageuza, akaipima, akaisema kwa maneno ambayo mama yake asingependa kuyasikia, hadi alipogundua kwamba waya ule umepakwa vanishi na yeye hakuukwangua kwenye ncha. Akakwangua. Akaunganisha tena.

Ikapiga mluzi, mwembamba kama wa mbu, na taa tatu zikawaka nyeupe.

Akaweka mgongo wa kidole juu ya transista. Vuguvugu kidogo. Koili, baridi. Akaleta betri iliyoshiba, taa hazikuongezeka. Akaleta betri iliyochoka hoi, hazikupungua. Akarudia, si kwa sababu alikuwa na shaka bali kwa sababu ilikuwa tamu kuitazama. Remmy naye akaja kugusa, kipande kimoja kimoja, alipomaliza akagusa tena.

"Hii haina mwizi," alisema, na kwa Remmy hiyo ni sifa kubwa.

Jumatatu jioni Leticia aliipeleka Mshangano. Alizing'oa rezista zake za aibu akazitia mfukoni. Kipande cha bati alikiacha palepale kwenye kona, maana skrubu zilikuwa zimekaza na jua lilikuwa likizama. Mama Benigna alisimama na fimbo yake akiangalia boksi lilivyojaa mwanga mweupe.

"Itafika asubuhi?" aliuliza.

"Itafika asubuhi na bado itakuwa na nguvu. Usiamke tena, mama. Lala."

"Mikono yako ibarikiwe, mwanangu."

Taa ikafika asubuhi. Ikafika na Jumanne, na Jumatano, na Leticia kibandani akawa anaimba. Chemli ikabaki msumarini, na mama akalala usingizi wa mtu mzima.

Alhamisi Otto akapiga simu.

"Shikamoo kaka," Leticia aliitikia, bado na furaha zake.

"Marahaba. Una habari kwamba vifaranga wanakufa?"

"Wanakufaje? Taa inawaka."

"Taa siijui mimi. Najua mama kila asubuhi anazika. Nimempigia kumsalimu, nikamsikia sauti imebadilika, nikambana akasema. Nusu wamekwisha, Leticia. Jumapili baada ya misa nakuja na guta la magurudumu matatu kubeba vitu vyake. Alitoa neno lake mwenyewe."

Leticia alimpigia mama. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" mama alisema. "Ulikuja na taa yako umefurahi namna ile. Mtoto akikuletea zawadi unaanza kuitia kasoro?"

Usiku ule Leticia hakupata usingizi, na palipoanza kupambazuka Ijumaa alikuwa tayari nyuma ya bodaboda, ukungu ukimlowesha nyusi. Njia nzima aliwaza. Kideri? Walichanjwa. Chakula? Ni kilekile. Maji? Mama huyachemsha. Alipofika akamkuta mama jikoni na wazo lake.

"Labda ni ule mluzi," mama alisema. "Unasikika kama kipanga akiwa mbali. Huenda wanakufa kwa hofu."

Wengine wangecheka. Leticia hakucheka, alilichukua wazo lile na kwenda nalo bandani, akapiga magoti mbele ya boksi, na kwa mara ya kwanza tangu vifaranga wale waletwe, hakugusa kitu. Alitazama tu.

Chini ya taa palikuwa peupe, chakula kimemwagwa vizuri, maji yanameremeta, na hapakuwa na kifaranga hata mmoja. Kama wangekuwa wanaogopa mluzi wangekimbilia mbali na saketi, kwenye pembe ya mbele kabisa. Hawakuwa huko. Walikuwa wamerundikana kwenye kona ya kushoto, wote, wa nyuma wakipanda migongo ya wa mbele, wamesukumana hadi wa chini hawaonekani. Wawili walikuwa wameshalala ule usingizi mwingine. Kwa nini hapo? Kwenye kona ile hapakuwa na chakula, wala maji, wala mwanga. Palikuwa na kipande cha bati tu. Akasogea karibu. Bati lilikuwa limeng'aa kwa kusuguliwa na vifua vyao.

Akanyoosha mkono, akaweka mgongo wa kidole juu ya bati. Baridi kama jiwe la mtoni.

Alikaa hivyo kwa muda, kidole kwenye bati, vifaranga wakimsukumia midomo midogo kwenye kiganja kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akingojewa. Halafu akaanza kulia.

"Mama," aliita. "Si ugonjwa. Ni mimi."

Mama Benigna alikuja taratibu na fimbo yake. "Mbona taa inawaka?"

"Inawaka. Hawakuwa wanataka taa. Sote tunasema taa, taa, wawekee taa, tangu enzi za chemli na balbu za zamani, na zile zilikuwa zinawaka huku zinachoma. Zile rezista zangu ndizo zilizokuwa mama yao. Zikipoa alfajiri, ulikuwa unawaletea chemli. Mimi nikaziondoa, na wewe nikakuambia ulale."

Mama aliegemeza fimbo ukutani. Aliinama kwa shida, akamwokota kifaranga mmoja aliyekuwa amelegea shingo, akamtia kifuani ndani ya kanga. Leticia aliona jinsi alivyomkumbatia, akajua mama naye alikuwa akifikiria Jumapili.

"Basi acha kulia," mama alisema. "Tengeneza."

Kibandani, Remmy alipomwona akizitoa rezista mfukoni na kuzipanga mezani, aliweka chini bisibisi.

"Unamrudisha mwizi?"

"Namwajiri," Leticia alisema, akamsimulia yote bila kujificha. Remmy alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtania. Alitazama vidole vyake mwenyewe vya miaka mingi, akasema kwamba hata yeye angezing'oa, tena mapema zaidi.

Kazi yenyewe ilimrudishia udadisi, na udadisi ukamkausha machozi. Arudie kuzifunga rezista zilezile kama mwanzo? Betri ingekufa tena alfajiri, baridi inapouma kuliko wakati wote. Lakini vifaranga hawahitaji taa tatu. Moja hafifu inatosha kumwonyesha mtu sahani yake. Na ile saketi ya koili haijali inalisha nini. Inaweza kulisha taa, inaweza kulisha rezista. Akiifunga kwenye rezista, itazipa kiasi kilekile jioni betri ikiwa imeshiba na alfajiri ikiwa imechoka. Joto lisilofifia. Akawaza pia kwamba joto la kwenye kona wazi linapaa na kupotea, kwa hiyo aliporudi Mshangano akalikunja lile bati liwe kama paa la kibanda, vifaranga waingie chini yake, akagawa boksi kwa ubao na kulifunika kwa gunia. Alipomaliza kuifunga, jioni ileile, aliweka mkono chini ya bati na kusubiri. Lilipata moto polepole. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi kufurahia kitu kinachochemka.

Kifaranga mmoja aliingia. Akatulia. Wakafuata wengine.

Jumamosi asubuhi hakufa hata mmoja. Jumapili vilevile, na yule wa kwenye kanga alikuwa anakula. Lakini Leticia alipotoka bandani alimkuta mama amevaa kitenge chake cha misa, godoro limefungwa kwa kamba, sufuria zimo ndani ya beseni.

"Mama, wanapona. Waliobaki ni wazima."

"Nilisema wakinifia. Wamenifia wengi. Ahadi ni deni."

Guta likaingia uani, Otto akiwa mbele pamoja na dereva, bado na suti ya kanisani. Alimwamkia mama, akaliinua godoro na kulipandisha guta bila maneno mengi, kama mtu anayetaka jambo gumu liishe upesi. Leticia akasimama mbele yake.

"Kaka, mimi ndiye niliyewaua, si mama. Hakukosea kitu. Nisikilize kwanza halafu ubebe unachotaka."

Akamvuta mkono hadi bandani. Otto alichuchumaa na suruali yake ya misa, akapeleka mkono chini ya bati.

"Hapa kuna joto."

"Ndipo wanapokaa."

"Na taa je?"

"Ya kuonea chakula tu. Niliwatengenezea taa nzuri sana, kaka, ungeiona ungeisifu. Nilijua kabisa kwamba ndiyo wanayoitaka. Sikuwa nimewatazama."

Kifaranga mmoja alipanda kwenye kiganja chake, akazunguka, akakunja miguu na kukaa. Otto akabaki amechuchumaa, mkono ameunyoosha, akiogopa kumwamsha. Mama alikuwa amewafuata, amesimama mlangoni akiegemea fimbo, na Otto akamgeukia hapohapo alipo.

"Mama," aliuliza, "wewe unataka kwenda?"

Uso wa Mama Benigna ulifunguka, na Leticia hakuwa ameuona hivyo tangu kabla ya ile siku ya ndoo.

"Tangu nianguke," alisema, "mmenipangia chumba, mmenipangia kitanda, mmenipangia na siku. Hilo swali ndiyo leo nalisikia."

"Nakuuliza sasa."

"Sitaki, mwanangu. Sitaki kabisa."

Otto alimweka kifaranga chini ya bati, taratibu, akasimama na kujipangusa magoti. Akatoka hadi kwenye guta, akafungua kamba, akalibeba godoro kichwani kulirudisha ndani ya nyumba. Mama akampisha njia, akamwambia apite upande wa kulia, mbali na banda, na akilishusha asilikung'ute, lina vumbi, na vifaranga hawapendi vumbi.